Sinia Lililojaa Mno

Ardith Stiltner alijua mambo hayakukaa sawa kabla hata hajamaliza kuhesabu. Sinia lilikuwa limejaa mno.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Machi. Theluji ilikuwa bado imejibanza kwenye vivuli vya bonde, na yeye na Hobart Coyle walikuwa wamepiga magoti kando ya Kijito cha Dunmire, kila mtu na kibano chake mkononi, sinia jeupe la plastiki katikati yao. Kazi hiyo walikuwa wameifanya miaka kumi na mmoja, kila masika na kila vuli, bila kulipwa na mtu. Mmoja anasimamisha wavu kwenye mkondo, mwenzake anatangulia mbele ya wavu na kuyachokonoa mawe kwa mabuti, na chochote kinachoishi chini ya mawe hayo kinachukuliwa na maji hadi wavuni. Kisha wanamimina siniani, wanahesabu, wanaandika kwenye fomu. Maji ya kijito yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakawa yamekufa. Ukitaka ukweli, waulize wadudu, maana wao hawana kwingine pa kulala.

"Mkia-tatu, thelathini na wawili," alisema Hobart. "Wadudu wa mawe, kumi na tisa. Wajenga-nyumba, ishirini na saba. Andika basi, Ardith, mbona umekodoa macho tu?"

"Naandika."

"Kijito kimepona, mwanamke! Furahi kidogo."

"Nimefurahi," alisema Ardith, na akaandika. Lakini moyoni furaha haikuingia.

Vuli iliyotangulia, mahali hapo hapo, walikuwa wamepata mkia-tatu, wale wadudu wembamba wenye mikia mitatu, wawili tu. Wadudu wa mawe, ambao ndio wa kwanza kufa maji yakiharibika, hakuna hata mmoja. Kituo chao cha juu, kwenye daraja la kanisa, kilikuwa salama kabisa; hiki cha chini ndicho kilichokuwa kimekufa. Na kati ya vituo hivyo viwili, sehemu kubwa ya ukingo ilikuwa malisho ya Lonzo Vance, na ng'ombe wake arobaini walikuwa wakishuka majini kunywa, kukojoa na kufanya mengine yote. Ardith hakuhitaji kufikiri sana. Aliandika barua kwa ofisi ya maji ya jimbo, akamtaja Lonzo kwa jina. Mkaguzi alikuwa anatarajiwa Mei.

Tangu siku hiyo Lonzo hakumsalimia tena. Alichofanya ni kusema kwa sauti pale dukani, watu wakisikia: "Huyu bibi alikuwa mpishi wa shule miaka ishirini na tisa. Alipostaafu akakosa maharage ya kuhesabu, sasa anahesabu kunguni."

Sasa basi, kijito kilichokufa Oktoba kinafufukaje Machi, na ng'ombe wale wale bado wamesimama ndani yake?

Hobart alipokwenda kuosha wavu, Ardith aliingia majini tena. Akainua jiwe. Akaligeuza. Akainua la pili, la tatu, la nane. Kwenye kijito chenye wadudu, mawe husema yenyewe: utaona magamba waliyovua yameganda juu, utaona vinyumba vimenata upande wa chini kama vishikizo kwenye koti. Mawe haya yalikuwa masafi na matupu, kama sahani zilizotoka kuoshwa.

Akarudi kwenye sinia na kuinama. Wajenga-nyumba ni viwavi wadogo ambao hujijengea ala ya chembe za mchanga na kuishi ndani yake. Hutumia mchanga wa hapo hapo walipo. Hawana pikapu ya kuagizia. Na hapa chini mchanga ulikuwa wa kijivu, uliochanganyika na vumbi la makaa ya mawe ya mgodi wa zamani. Lakini vinyumba vya siniani vilikuwa vinametameta kama vimepakwa unga wa fedha. Mchanga wa namna ile, katika bonde zima, Ardith aliufahamu mahali pamoja tu: chini ya daraja la kanisa.

Mmoja au wawili wangeweza kusombwa na maji. Ishirini na saba, tena na nyumba za mchanga migongoni? Labda walikodi basi.

Alichukua vinyumba vitano akavitia kwenye kichupa cha spiriti, akakificha mfukoni. Hobart alirudi akipangusa mikono kwenye koti lake kubwa.

"Umepoteza kitu?"

"Hapana. Naangalia tu."

Hakujua kwa nini alisema uongo. Hobart alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, aliyefanya naye kazi mgodini. Ndiye aliyelibeba jeneza upande wa kichwa. Lakini ulimi ulikuwa umeshasema.

* * *

Jumapili baada ya ibada, Ardith hakubaki kunywa kahawa. Aliendesha gari hadi kwa Lonzo Vance na kumkuta zizini akiwatupia ng'ombe majani makavu.

"Haa!" alisema Lonzo bila kuacha kazi. "Leo umekuja kuwahesabu ng'ombe wangu miguu?"

"Nina swali moja tu, Lonzo."

"La mdomo au la barua? Maana najua wewe ni mtu wa barua."

Ardith alimeza hilo. Akatoa kichupa. "Kuna mtu amechota wadudu kule juu kwenye daraja la kanisa, akawatia kwenye kituo chetu cha chini. Ni wewe?"

Lonzo aliuchomeka uma wake kwenye majani, akavua kofia, akajikuna kichwa taratibu. Kisha akacheka, kicheko kirefu kisicho na furaha.

"Ngoja nielewe vizuri, bibi Ardith. Vuli ulinishtaki kwamba nawaua wadudu. Sasa unanishtaki kwamba nawafuga?"

"Mkaguzi anakuja Mei. Hesabu nzuri inamfaa nani kama si wewe? Na Ijumaa jioni niliiona pikapu yako pale pale darajani."

"Uliiona. Na hukuniona mimi juu ya paa la kanisa napigilia bati lililong'olewa na upepo? Muulize mchungaji, ndiye aliyenishikia ngazi." Alivaa tena kofia. "Sikiliza. Ukiniwekea hao wadudu wako kwenye bakuli la maharage nitawala bila kujua. Sijui anayefaa ni yupi na asiyefaa ni yupi. Ni nani hapa bondeni anayejua, mbali na wewe?"

Ardith alikirudisha kichupa mfukoni.

"Na huo wavu wenu jana," Lonzo aliendelea, sauti imeshuka, "alikuwa ameushika nani?"

"Hobart."

"Ahaa."

"Usianze, Lonzo Vance. Hobart Coyle ni—"

"Mimi nimesema nini? Nimeuliza tu. Kuuliza ruhusa, au na hilo utaniandikia barua?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani Ardith alimtukana Lonzo kimoyomoyo. Lakini lile swali lilikuwa limeshapanda naye garini na kukaa kiti cha mbele. Kwa miaka kumi na mmoja, mshika wavu alikuwa yeye, Ardith, na mchokonoa mawe alikuwa Hobart, kwa sababu Hobart alikuwa na miguu mizito kama nyundo. Jana, kwa mara ya kwanza, Hobart alisema goti linamsumbua. "Leo cheza wewe juu ya mawe, mimi nishike wavu." Na yule anayechokonoa mawe hutazama miguu yake asije akateleza. Hamtazami mshika wavu. Hawezi kujua mshika wavu ana nini ndani ya koti.

Jioni alimpigia simu.

"Hobart, nafikiri turudie hesabu ya kituo cha chini. Jumatano unaonaje?"

Upande wa pili ulisikika mlio wa kiti kinachosogezwa.

"Ya nini? Fomu nimeshaituma ofisini."

"Umeshaituma? Kwa kawaida huwa inakaa kwenye gari lako hadi nikukumbushe mara tatu."

"Basi nimejirekebisha," alisema Hobart, akacheka. Ardith naye alicheka. Walipokata simu alibaki ameishika, akiitazama kama kitu kilichomng'ata.

* * *

Jumatatu asubuhi alikwenda peke yake. Hakuchukua wavu, alichukua fimbo, sinia na mabuti ya mpira. Alianzia kituo cha chini, akawa anapanda kijito hatua ishirini ishirini, kila mahali anageuza mawe kumi.

Kwenye malisho ya Lonzo hakukuta mdudu. Alikuta konokono wazima, minyoo wazima, hata vidagaa waliokimbia kivuli chake. Hapo akasita. Samadi ya ng'ombe ikizidi majini, mawe huota utelezi wa kijani na minyoo hujaa hadi kero. Hakukuwa na utelezi. Asidi ya mgodi nayo ingewamaliza konokono kwanza. Hapa kila kitu kilikuwa hai isipokuwa mdudu. Ilikuwa sumu iliyochagua.

Alifika ua wa juu wa Lonzo, mahali ambapo ng'ombe hawakanyagi. Akapita chini ya waya kwa shida, magoti yakilalamika. Akageuza mawe kumi. Hakuna. Akapanda tena. Hakuna. Sasa ng'ombe wote arobaini walikuwa nyuma yake, chini, na maji hayajawahi kupanda mlima. Barua yake ya vuli ilimrudia neno kwa neno, akahisi masikio yanamuwaka moto.

Mbele yake kulikuwa na kiwanja cha Hobart.

Pale kijito kilipita katikati ya mihemloki kumi na minne, miti mirefu ya kijani isiyopukutisha majani hata kipupwe, mikongwe kuliko nyumba yoyote bondeni. Oleta, mkewe Hobart, alikuwa akikaa chini yake kila alasiri ya kiangazi, akimenya maharage huku miguu iko majini. Ndiko alikotaka majivu yake yamwagwe, na ndiko yalikomwagwa, miaka minne iliyopita. Sehemu nyingine zote za bonde, mihemloki ilikuwa imekauka na kubaki mifupa, imenyonywa na chawa weupe wadogo wanaofanana na pamba. Ya Hobart ilikuwa na machipukizi mapya kila ncha ya tawi. Watu walisema ni Oleta anaichunga.

Ardith alipita chini yake jiwe kwa jiwe. Chini ya mti wa mwisho wa juu, hakuna. Akapanda hatua kumi na tano zaidi, akageuza jiwe moja tu, na mdudu wa mawe mkubwa wa rangi ya asali akakimbia kuelekea kidoleni mwake.

Akaliacha jiwe lirudi polepole. Kisha akatoka majini na kwenda kuitazama miti kwa karibu. Kuzunguka kila shina, majani makavu yalikuwa yamekwanguliwa, udongo umefukuliwa na kufukiwa tena. Kwenye mzizi mmoja, hatua mbili tu kutoka kwenye maji, kulikuwa na ukoko mweupe.

"Ningejua unakuja ningechemsha kahawa zaidi."

Hobart alikuwa amesimama juu ya ukingo na kikombe mkononi. Hakuwa anachechemea hata kidogo.

"Goti limepona?" aliuliza Ardith.

Hobart alitazama goti lake, kisha sinia tupu, kisha mti. Alikaa chini pale pale alipokuwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa aketi.

"Ilikuwa inakufa, Ardith. Ulikuwa huioni? Mwaka juzi matawi ya chini yote yalikuwa yamepukutika. Nikanunua dawa. Unaichanganya na maji, unaimwaga kwenye mizizi, mti unainywa, chawa wanakufa."

"Kiasi gani?"

"Kilichoandikwa kilionekana kidogo."

"Nimekuuliza kiasi gani."

"Mara tatu. Kwa ile mikubwa, mara nne." Alikizungusha kikombe. "Na imepona. Umeiona. Imepona."

"Na karatasi ya dawa haikukwambia uiweke mbali na maji?"

"Maandishi yake madogo kama mayai ya chawa. Niliyasoma Desemba, kwa lenzi. Baada ya hesabu yetu ile mbaya. Nilitaka kujua tu." Alikiweka kikombe chini. "Nikajua."

"Desemba." Ardith alihesabu kwa vidole, ingawa hakuhitaji. "Desemba, Januari, Februari. Miezi mitatu bonde zima linamwita Lonzo muuaji wa kijito, kwa ajili ya barua yangu mimi, na wewe unajua. Ulikuja kwangu Krismasi. Ulikula keki yangu!"

"Ndiyo maana niliwaleta wale wadudu kwenye chupa, nikawamimina wavuni. Nilifikiri hesabu ikiwa nzuri mkaguzi atamwacha Lonzo. Hakuna atakayeumia."

"Na wewe hakuna atakayekujua."

"Na hilo pia," alisema Hobart. "Siwezi kukudanganya."

"Umeshanidanganya! Umenisimamisha kwenye maji ya barafu nicheze ngoma, na wewe umebeba chupa kifuani kama mwizi wa maziwa!"

Hobart alifunika uso kwa mkono mmoja. Ardith alitaka kumwonea huruma, na sehemu yake moja ilimwonea. Lakini sehemu nyingine ilikuwa tayari inapekua miaka kumi na mmoja ya fomu, ikijiuliza ni ngapi Hobart alizituma mwenyewe, na nani alizikagua. Hilo ndilo lililomuuma kuliko dawa. Udongo unaweza kupimwa. Rafiki utampima kwa kipimo gani?

"Alhamisi kuna kikao cha kamati ya kijito," alisema. "Utasema wewe, au nitasema mimi. Chagua."

* * *

Alhamisi, chumba cha chini cha kanisa kilikuwa na watu kama ishirini, sufuria la maharage, na mkate wa mahindi uliokatwa vipande. Lonzo Vance, ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja, alikuwa amekaa safu ya nyuma amekunja mikono. Ardith alikuwa amempigia simu na kumwambia aje, bila kumwambia kwa nini.

Saa ya kuanza ilifika, kiti cha Hobart kitupu. Ardith alikuwa akiutazama mlango. Hatakuja, alijiambia. Amepakia gari ameondoka. Alijishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kuamini hivyo.

Hobart aliingia dakika kumi baadaye, amevaa suti aliyovaa siku ya kumuaga mkewe. Hakuketi. Alisimama mbele na kuyasema yote: dawa, vipimo, Desemba, chupa ndani ya koti. Hakumtaja Oleta, na Ardith alimshukuru kwa hilo, maana angemtaja, watu wangelia na kumsamehe kabla hawajaelewa alichofanya.

Alipomaliza hakuna aliyegusa chakula. Mchungaji alijikohoza. Ndipo Lonzo aliposema kutoka nyuma:

"Nimemsikia ndugu Hobart. Sasa ile barua? Iliyonichafua iliandikwa. Ya kunisafisha nayo itaandikwa, au hiyo ni ya mdomo?"

Ardith alisimama. "Nimeshaiandika. Ninayo hapa. Isome kabla sijaituma."

Lonzo alikuja mbele, akavaa miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza. Watu wote walikuwa wanamtazama. Alifika katikati akaweka kidole.

"Hapa umeandika, 'huenda ng'ombe wa Bwana Vance hawakuhusika.'"

"Ndiyo."

"Hiyo 'huenda' inafanya nini hapo? Kwenye ile ya kwanza hukuiweka."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Ardith alitoa kalamu kwenye mkoba, akaifuta ile "huenda" mbele ya macho ya wote. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hata inapomchoma, akaongeza mstari mmoja chini: kwamba alimshtaki mtu bila kupanda hatua mia mbili zaidi kwenda kutazama.

"Na wale ng'ombe ukiwawekea ua bado itakuwa vizuri," alisema akimkabidhi.

"Usiongeze neno, bibi Ardith," alisema Lonzo. "Ulikuwa unaendelea vizuri."

* * *

Watu wa jimbo walikuja Mei kweli, lakini walikwenda kwa Hobart. Walichukua udongo, walichukua maji, wakampiga marufuku kumwaga tone lingine. Walisema dawa ile hukaa ardhini miaka, na kwamba hakuna wa kuiharakisha. Mihemloki waliikuta imesimama wima, ya kijani, mizuri kupita kiasi.

Aprili, Hobart alikuwa ameacha kikapu cha vitunguu pori barazani kwa Ardith. Ardith alivikaanga na viazi akavila vyote. Lakini simu hakupiga. Kanisani walisalimiana kwa kichwa, kama watu waliowahi kuishi mtaa mmoja. Usiku mmoja alizitoa fomu zote za zamani na kuzikagua upya hadi macho yakamuuma. Hakuona kosa. Na bado hakuweza kusema kwa kiapo kwamba halimo.

Oktoba ilipofika, alishuka kituo cha chini na wavu wake akifikiri atamwomba mchungaji amsaidie. Akamkuta Lonzo Vance amesimama ukingoni, mabuti ya mpira hadi mapajani, mapya kabisa, bado yana karatasi ya dukani.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuwatazama," alisema Lonzo. "Mara mbili mmehesabu bila mimi. Mara ya kwanza nilikuwa mkosaji, mara ya pili mlikuwa waongo. Ya tatu nataka kuiona kwa macho yangu."

"Huniamini."

"Hata kidogo. Lete huo wavu."

Ardith alimpa. Akasimama mbele yake kwenye maji, akachokonoa mawe, na safari hii hakutazama miguu. Alitazama mikono ya Lonzo, na Lonzo alitazama yake. Walimimina siniani na kuinama pande mbili. Konokono sita. Minyoo. Kamba mdogo wa mtoni, mwenye hasira. Na kwenye kona, mkia-tatu mmoja, mwembamba kama uzi, akijaribu kupanda ukuta wa plastiki.

"Ndiye huyo?" aliuliza Lonzo.

"Ndiye."

Lonzo aliondoa kila kitu kwa kibano kimoja kimoja, akapekua tena siniani kutoka mwanzo, akageuza na wavu kuangalia mikunjo yake. Ilimchukua robo saa nzima. Kisha akanyoosha mgongo.

"Mmoja," alisema. "Nimemhesabu mwenyewe."

Ardith akaandika mmoja. Lonzo akainama juu ya bega lake kuhakikisha.